Jibu Nililoahidi Kupeleka Mkange

Siku ile barazani kwa Bi Mwanahawa, kule Mkange, tulikuwa watu watano. Alikuwepo Bi Mwanahawa mwenyewe, amekaa mkekani akisuka ukili. Alikuwepo mjukuu wake Zuhura, mjamzito wa miezi sita, aliyekuwa akijidunga insulini tangu akiwa darasa la nne. Alikuwepo Maalim Shomari wa madrasa, aliyepita kusalimia akakaribishwa chai. Alikuwepo Mashaka, dereva wa gari la hospitali. Na mimi, Omari, niliyekwenda na kisanduku cha baridi. Mume wa Zuhura hakuwepo. Alikuwa Saadani kwenye kazi ya hifadhi. Nawataja wote ili asije mtu akaongezwa baadaye kubeba lawama. Lawama ina mwenyewe, na siku ile alikuwa amekaa karibu na birika.

Wanangu mnaoanza kazi ya kutunza na kusafirisha dawa, mdogo wangu wa mwisho, Salma, ambaye sasa anafundisha mambo ya maabara, ameniomba niwaandikie niliyojifunza katika miaka yangu ya kubeba visanduku vya baridi. Alitaka niandike habari za barafu na vipimajoto. Nitaziandika. Lakini nikiandika hizo peke yake nitakuwa nimerudia kile nilichofanya barazani: kujibu kipande ninachokijua na kunyamazia kilichobaki.

Nianze na barafu, maana ndiyo iliyonipa jina. Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Kondo, mtunza stoo wa hospitali, mtu mfupi aliyevaa sweta Bagamoyo nzima ikitokwa jasho. Wiki yangu ya pili nilipakia chanjo ya homa ya ini kwa ajili ya zahanati za upande wa Saadani. Nilitoa pakiti za barafu moja kwa moja kutoka kwenye friza, ngumu kama jiwe, nikazibana na vichupa, nikajisifu kwamba chanjo zangu zitafika baridi kuliko za mtu yeyote. Mzee Kondo alikuja, akafungua kisanduku, akatoa kichupa kimoja kilichogusana na barafu na kingine cha kwenye jokofu. Akavitikisa vyote viwili, akaviweka mezani, akaniambia nivitazame huku yeye anakunywa chai. Kile cha jokofuni kilibaki na weupe wake uliochanganyika vizuri. Kile changu kilishuka chembechembe chini, kama tui lililokatika.

"Umeiua," alisema. "Watu wengi wanaogopa jua. Wewe ogopa barafu yako mwenyewe."

Tangu siku hiyo sikupakia pakiti mpaka itoe jasho na nikiitikisa nisikie maji yakicheza ndani. Fanyeni hivyo hivyo hata kama siku hizi mna visanduku vinavyowapigia kelele joto likipanda. Na mjue kwamba insulini ni ya hila zaidi. Ile inayoonekana kama maji inaweza kuganda, ikayeyuka, ikabaki safi machoni, kumbe haina kazi tena. Haikuonyeshi kosa lako. Ile yenye weupe kama maziwa, mwambieni mgonjwa asiitikise kama chupa ya soda. Aiviringishe taratibu kati ya viganja mpaka weupe uenee.

Vijijini kusikokuwa na jokofu niliwafundisha watu kutunza dawa kwa mtungi. Unachukua mtungi mdogo, unauweka ndani ya chungu kikubwa, katikati unajaza mchanga, mchanga unaumwagia maji asubuhi na jioni. Kichupa kinakaa ndani ya kopo lenye mfuniko, kopo linakaa ndani ya mtungi, na vyote vinakaa kivulini penye upepo. Si jokofu, lakini dawa inapona joto la mchana. Bi Mwanahawa alikuwa na mtungi mzuri kuliko yote niliyowahi kuiona, na mchanga wake haukukauka hata siku moja. Ni yeye aliyeanza kuniita Bwana Barafu, na jina likaenea mpaka Mbegani kwetu.

Nililipenda jina hilo kupita kiasi. Lazima niwaeleze kwa nini, ingawa si udhuru.

Wazazi wangu walifariki nikiwa darasa la tano, baba kwanza, mama baada ya miezi michache. Nilikuwa mkubwa wa watoto watano. Niliacha shule nikaanza kupara samaki sokoni, wadogo zangu wakabaki shuleni. Nilipopata kazi hospitalini, fomu iliuliza elimu, nami nikaandika darasa la saba. Miaka miwili ya uongo, basi. Lakini miaka hiyo miwili ilikaa shingoni mwangu. Kila mtu alipotumia neno nisilolijua, nilidhani ananipima. Nikajifunza kutikisa kichwa. Ninaweza kutikisa kichwa kwa namna ambayo daktari bingwa angeamini nimeelewa kuliko yeye.

Kisha akaja mfamasia mpya, Bi Rehema, binti aliyekuwa na umri wa mdogo wangu wa tatu. Alitufanyia semina ya siku nzima juu ya dawa mpya na namna zinavyotengenezwa. Aliandika ubaoni, akachora viduara na mishale, akazungumzia vijidudu vinavyofundishwa kutengeneza insulini. Mimi nilikaa mbele. Nilitikisa kichwa kuanzia asubuhi mpaka pilau ya mchana. Mwisho akauliza kama kuna asiyeelewa, na akaniangalia mimi kwa sababu nilikuwa mkubwa kwa umri. Nikamwambia yote yameeleweka, mwalimu. Akafurahi.

Basi ndiyo nikaenda Mkange mwaka huo nikiwa nimejaa sifa na sijui kitu.

Ilikuwa Jumatatu. Tulikwisha kushusha dawa zahanati, tukapita kwa Bi Mwanahawa kama kawaida kuangalia mtungi. Mgeni mmoja wa harusi alikuwa amepita kijijini akisema insulini inatolewa kwenye nguruwe. Maneno hayo yalikuwa yamelala na Bi Mwanahawa siku tatu. Alimlea Zuhura tangu binti yake alipofariki, na sasa alikuwa anahesabu wiki za kitukuu chake cha kwanza. Aliweka ukili chini, akaniuliza mbele ya watu wote:

"Omari, wewe ni mtoto wa nyumba ya Kiislamu. Hiyo dawa anayojichoma mjukuu wangu, ina nguruwe au haina?"

Hapo ndipo pa kusema sijui. Neno fupi, na simu yangu ilikuwa na chaji, na siku hiyo mtandao ulikuwepo, msinitafutie udhuru. Ningempigia Bi Rehema chai ikiwa bado moto. Lakini nilikumbuka hadithi ya Mzee Kondo, kwamba zamani dawa hii ilikamuliwa kwenye kongosho la nguruwe na la ng'ombe, nikaona angalau hicho ninakijua.

"Ya zamani ilitoka kwa nguruwe na ng'ombe," nikasema.

"Na hii ya sasa?"

Wote walinitazama. Maalim Shomari alikuwa ameshika kikombe bila kukipeleka mdomoni.

"Hii imetokana na ile," nikasema.

Sikuwa na sababu yoyote ya kusema hivyo. Nilidhani tu kwamba kitu kipya hutoka kwenye cha zamani. Lakini nilisema kwa sauti ileile niliyotumia kufundisha mitungi.

Maalim aliweka kikombe chini. Alisema yeye hawezi kutoa hukumu juu ya kitu ambacho hajui kimetengenezwaje, na kwamba hata kingekuwa na nguruwe, uhai ukiwa hatarini ipo ruhusa yake katika dini. Akaniomba nimuulize mfamasia, nirudi na jibu kamili. Zuhura alisema hataki kuacha sindano, akiacha kichwa kinamzunguka. Bi Mwanahawa akamshika mkono.

"Sijasema uache. Nimesema isimame kidogo, tujue. Huyo aliyemo tumboni hajakosa lolote." Akanigeukia. "Lini utatuletea jibu, mwanangu?"

"Ijumaa, bibi. Inshallah."

"Basi sindano isimame mpaka Ijumaa."

Nililisikia hilo kwa masikio yangu. Nikabeba kisanduku nikaondoka. Sikumwambia kwamba sindano isisimame hata siku moja, kwa sababu nalo sikulijua. Nilikuwa nimewaona wazee wenye sukari wakikosa dawa wiki nzima, wakalalamika kiu na miguu, kisha wakaendelea. Sikujua kwamba kuna watu kama Zuhura, ambao mwili wao hautengenezi insulini hata tone, na kwao siku chache tu zinatosha. Nilijua baridi ya dawa. Sikujua kazi yake.

Ndani ya gari Mashaka alisubiri mpaka tulipotoka kijijini. Kisha akasema, "Bwana Barafu, mbona hukusema hujui?"

Nikamwambia aangalie barabara.

Jumanne asubuhi nilikwenda mlangoni kwa Bi Rehema. Alikuwa na wanafunzi wawili wa mafunzo, anawaonyesha kitu kwenye kompyuta. Niliona haya kuuliza mbele yao jambo ambalo nilikwisha kuapa kwamba nimelielewa. Nikarudi stoo.

Jumatano alikuwa peke yake. Aliinua uso, akasema, "Karibu, kaka Omari. Una shida?" Nikamwambia nimekuja kuangalia kipimajoto cha jokofu lake. Nikakiangalia. Nikaandika namba. Jokofu lilikuwa sawasawa kabisa, kati ya nyuzi mbili na nane kama inavyotakiwa. Nikamshukuru nikatoka. Wanangu, kipimajoto kile kilikuwa hatua nne kutoka kwenye kiti chake.

Alhamisi nilijiambia nitamuuliza mtu mwingine, asiyejua kwamba nilikaa semina. Sikumpata, au sikumtafuta. Ijumaa baada ya sala nilikaa nikifikiri jinsi ya kumpigia Bi Mwanahawa kwamba jibu litachelewa, na sikumpigia, kwa sababu angeuliza kwa nini.

Jumamosi, kabla ya adhuhuri, Mashaka aliingiza gari la wagonjwa kwa kasi ambayo sijawahi kumwona nayo. Zuhura alikuwa amelala nyuma, anahema kwa nguvu kama mtu aliyekimbia kutoka Mkange kwa miguu, na hakuwa anamjua mtu. Bi Mwanahawa alishuka na kopo la dawa mkononi, kopo langu la mtungini, vichupa vimo ndani, vizima, vimetunzwa vizuri.

Walimkimbiza wodini. Daktari alipotoka alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. Aliuliza pale kwenye ukumbi, watu wanasikia, ni nani aliyemsimamishia sindano mgonjwa huyu. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa stoo, kisanduku mkononi. Bi Mwanahawa aliniangalia. Aliniangalia muda wa kutosha mimi kufungua mdomo.

Kisha akamgeukia daktari. "Mimi," akasema. "Nilimzuia mwenyewe."

Daktari akamsema. Alimwambia maneno ya ujinga na ushirikina, mwanamke wa umri wa kuamkiwa na mji mzima, naye akasimama akayapokea kama mtu anayenyeshewa, kopo amelikumbatia. Mashaka aliniangalia mara moja tu, kisha akaenda kuosha gari.

Zuhura alipona. Mtoto hakupona. Alizikwa Mkange Jumapili.

Jumatatu, wiki kamili baada ya ile chai, niliingia kwa Bi Rehema nikamuuliza. Sikukaa hata kwenye kiti. Akaniuliza kama naijua hamira. Nikasema naijua.

"Hamira ni vijidudu hai," akasema. "Ukivipa sukari na uvuguvugu vinakula, vinazaana, unga unaumuka. Sasa, ndani ya mwili wa binadamu mna maelekezo ya kutengeneza insulini. Wataalamu waliyanakili maelekezo hayo, ya binadamu, si ya mnyama, wakayatia ndani ya hamira. Hamira inalishwa kwenye mapipa makubwa, inazaana, na kila kijidudu kinatengeneza insulini ile ile ambayo mwili wako unaitengeneza. Halafu inachujwa na kusafishwa. Nyingine wanatumia bakteria, njia ni hiyo hiyo. Hata chanjo yako ya homa ya ini inapatikana kwa hamira."

"Na nguruwe?"

"Kwa hii yetu hayumo kabisa. Nilisema kwenye semina, kaka. Nani anauliza?"

"Watu tu, huko vijijini," nikasema.

Salma anasema niandike kwamba maelekezo hayo yanaitwa jeni. Nimeandika. Lakini mkienda barazani kwa watu, anzeni na hamira. Hakuna mwanamke wa pwani hii asiyejua kwamba unga unaumuka kwa sababu kuna kitu hai ndani yake. Maelezo yote yalichukua muda mfupi kuliko kuchemsha birika.

Nilikwenda Mkange wiki hiyo hiyo na jibu langu. Nilimweleza Maalim Shomari, akauliza maswali mazuri kuliko yangu, kisha akawaeleza watu baada ya sala. Hakumtaja mtu. Watu walinipongeza kwa kuleta elimu. Mama mmoja akauliza kama sasa ale vitumbua kwa wingi ili sukari ishuke, baraza zima likacheka, na mimi nikacheka nao. Nilicheka, Zuhura akiwa ndani amelala ubavu.

Bi Mwanahawa alinisikiliza mwisho, tukiwa wawili uani. Nilipomaliza akasema taratibu:

"Hamira ninayo humu jikoni, Omari. Wiki nzima ilikuwa hapa."

Nilianza kumwomba radhi. Akaniuliza nina wadogo wangapi wanaonitegemea. Nikasema wanne. Akasema, "Basi nenda kazini." Hakusema zaidi, na mimi sikutaka aseme zaidi, kwa sababu alikuwa amenipa kile nilichokuwa nakitaka. Sikufukuzwa. Fomu yangu haikufunguliwa. Wadogo zangu walisoma wote wanne, na huyu anayewafundisha ninyi alilipiwa masomo na mshahara ule. Mkimwona amesimama mbele yenu, mjue anasimama juu ya mgongo wa nani.

Kazini nilibadilika. Tangu mwaka huo nilisema sijui mara nyingi mpaka vijana wakanitania kwamba Bwana Barafu ameyeyuka. Nilimwambia Bi Rehema ukweli juu ya darasa la tano. Alicheka, si kwa dharau, akasema alikuwa anajua siku nyingi kwa sababu kila fomu ilipouliza elimu nilikuwa naandika saba yangu kwa wasiwasi. Akanifundisha upya, kila Jumatano, pale pale karibu na kipimajoto. Kwa hiyo msije mkadhani kwamba nilichokiogopa kilikuwa kikubwa. Kilikuwa mtu mwema kwenye kiti, anauliza nina shida gani.

Lakini yale ya barazani sikumwambia. Na Zuhura hakuambiwa na mtu.

Kumbukeni kwamba siku ile alikuwepo, alinisikia. Ila ugonjwa ule ulimfutia wiki yote. Alipozinduka alichokumbuka ni mkono wa bibi yake na neno isimame. Na alichosikia baadaye kwa watu wa hospitali na wa kijijini ni kwamba bibi alikiri. Hakumtukana. Alihamia Bagamoyo na mumewe, akaacha kwenda Mkange. Sikukuu zinapita, Bi Mwanahawa anapika, sahani ya Zuhura inafunikwa, inafunuliwa siku ya pili. Sasa ni miaka kumi na mbili. Zuhura ana watoto wawili, wazima, wanamjua bibi mkubwa kwa jina tu.

Tangu nistaafu nimekwenda Mkange mara nyingi. Mwezi uliopita nilimkuta Bi Mwanahawa hawezi tena kusuka, macho yamekwisha. Mtungi bado upo, mchanga umekauka. Aliniuliza Zuhura hajambo, nikasema hajambo. Akauliza kama huwa anamuulizia, nami nikatikisa kichwa kumkubalia, nikasahau kwamba haoni. Ikabidi niseme uongo kwa mdomo. Kisha nikamwambia kwamba safari hii nitamweleza Zuhura kila kitu, kama yeye ataniruhusu.

"Ruhusa ya nini?" akasema. "Mimi nilikufunika siku moja, mwanangu, ile ya hospitali. Nyingine zote umejifunika mwenyewe."

Zuhura anauza vitumbua karibu na hospitali. Anajidunga alfajiri, anapika, anauza asichokula. Huwatania wateja kwamba hakuna mpishi mwaminifu kama yeye, maana hawezi kuonja kwa siri. Wenzangu wa zamani wa hospitali wote hununua kwake, na mimi hupita kila asubuhi. Huniamkia kabla sijafika, huniita mjomba, na siku zote huongeza kimoja juu ya nilivyoagiza. Niliwahi kumkatalia. Akanijibu mbele ya watu kwamba hicho si cha kuuza, ni changu, kwa sababu mimi ndiye niliyekwenda mpaka Mkange kuwaeleza watu ukweli wa hamira, na kama wote wangekuwa kama mimi yeye asingepoteza mtoto.

Najua karatasi hizi zinaweza kumfikia kabla yangu. Hiyo nayo itakuwa aibu nyingine, na nimeifikiria, na bado nimeandika nikiwa nimekaa wakati ningeweza kutembea mpaka kwake.

Juzi nilikwenda nikiwa nimejipanga. Nilisubiri wateja wapungue. Akafuta mikono kwenye khanga, akanikaribisha kiti, akaniuliza, "Una shida, mjomba?"

Nikamwambia nimekuja kununua vitumbua. Akanifungia vitano, akachagua kimoja kilichoumuka vizuri kuliko vyote, akanipa mkononi kikiwa bado moto.

Nikakila pale pale, nimesimama mbele yake.